Mto Usio na Maji: Jinsi Okestra Inavyoyaimba Maumbile

Ukumbi umejaa. Jukwaani wameketi watu sabini, themanini, wote wamevaa nyeusi, kila mmoja na ala yake. Mpiga obo, ala nyembamba ya mbao inayopulizwa, anatoa sauti moja ndefu iliyonyooka. Wenzake wanaifuata, wanakaza nyuzi na kuzilegeza mpaka wote wanakuwa kitu kimoja. Kisha kimya. Karatasi ya ratiba uliyopewa mlangoni inasema usiku huu utasikia bahari, mto, mapambazuko, dhoruba na ndege wa kando ya kijito. Unatazama tena jukwaani: hakuna picha, hakuna mwimbaji, hakuna neno hata moja litakalotamkwa. Kuna nyuzi, mbao, shaba na ngozi tu. Mto utatokea wapi?

Swali hilo limewafukuza wengi kwenye muziki huu. Mtu anaketi, anafumba macho, anausubiri mto, mto hauji, anarudi nyumbani akiamini kwamba muziki huu una wenyewe na yeye si mmoja wao. Mimi pia nilipita njia hiyo. Kwa miaka kadhaa nilisikiliza kama mtu anayechungulia dirishani, nikitafuta mandhari, na nilipoikosa nilidhani kasoro iko masikioni mwangu. Haikuwa huko. Ilikuwa kwenye swali lenyewe. Okestra haichori mto, na waliotunga muziki huu walilijua hilo kabla yetu. Wanachokifanya ni kumweka mtu kando ya mto, kisha wakatufanya tusikie kinachompata.

Kwanza, neno lenyewe

Tamasha za aina hii hutangazwa kuwa za muziki wa Kiromantiki, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapozaliwa. Wengi huelewa "muziki wa kimapenzi", wakatarajia nyimbo za kubembelezana. Wahakiki wa fasihi wana neno lao, ulimbwende, lakini nalo lina mtego wake: kwa msomaji wa magazeti, mlimbwende ni yule anayeshindania taji la urembo. Kwa hiyo hapa nitasema Uromantiki, neno la mkopo lisilobeba mzigo mwingine.

Uromantiki ni vuguvugu la fikra na sanaa lililochipuka Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na kutawala sehemu kubwa ya karne ya 19. Katika muziki, mwangwi wake ulifika hadi miaka ya 1910 na kuendelea. Kabla yake, sifa kubwa ya sanaa ilikuwa mizani: umbo lililopangika, hisia zilizotiwa adabu. Waromantiki walitaka sanaa ianzie ndani ya mtu mmoja, kwenye hofu yake, shauku yake, upweke wake na ndoto zake. Na mahali walipopenda zaidi kumweka mtu huyo ni mbele ya kitu kilichomzidi kimo: mlima, bahari, msitu wenye giza, mbingu iliyobeba radi.

Kwa nini maumbile, na kwa nini wakati ule? Kwa sababu ndio wakati yalipoanza kuwa mbali. Viwanda vilikuwa vikijengwa, miji ikifurika watu, reli zikianza kukata mashamba katikati. Anayelima kila siku hana haja ya kulitungia shamba wimbo wa huzuni. Analijua kwa mgongo wake. Anayelilia ni yule aliyehamia mjini na kuliona mara moja kwa mwaka.

Kuiga maumbile kwa ala, hata hivyo, hakukuanza na Waromantiki. Antonio Vivaldi, katika koncheto zake nne za majira ya mwaka, yaani kazi za mpigaji mmoja na okestra, zilizochapishwa Amsterdam mwaka 1725, alikwisha kuweka ndege, ngurumo, hata mbwa anayebweka, ambaye sauti yake ni viola, ndugu wa fidla mwenye sauti ya chini zaidi, inayorudiarudia noti nzito. Ustadi wa kuiga ulikuwepo. Kilichokuja baadaye ni mtu aliyesimama katikati ya hayo yote, anayesikiliza na kubadilika.

Usiku wa baridi mjini Vienna

Tarehe 22 Desemba 1808, katika jumba la Theater an der Wien, Ludwig van Beethoven alifanya tamasha la kazi zake mwenyewe. Ukumbi ulikuwa na baridi kali, mazoezi hayakutosha, na shughuli yote ilichukua takriban saa nne. Usiku huo mmoja watu walisikia kwa mara ya kwanza Simfoni yake ya Tano na ya Sita (simfoni ni kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa), pamoja na kazi nyingine kadhaa. Ya Sita ndiyo inayojulikana kama Pastoral, simfoni ya mashambani. Ina sehemu tano, na kila sehemu aliipa kichwa cha maneno: kuamka kwa hisia za furaha mtu anapofika mashambani, mandhari ya kijitoni, mkusanyiko wa wanakijiji wenye furaha, radi na dhoruba, na mwisho wimbo wa mchungaji wenye shukrani baada ya dhoruba.

Pamoja na vichwa hivyo alitoa angalizo ambalo naliona kuwa ufunguo wa jambo zima: kwamba kazi hii ni kuelezea hisia zaidi kuliko kuchora. Visome vichwa vyake tena utaona. Sehemu ya kwanza haiitwi "mashamba". Inamhusu mtu anayefika huko na kile kinachoamka ndani yake.

Hisia hiyo inajengwaje kwa noti? Katikati ya sehemu ya kwanza Beethoven anachukua kipande kifupi mno cha lahani, kisichozidi mapigo mawili, anakirudia, anakirudia tena, makumi ya mara, bila kukigeuza umbo. Kinachobadilika kiko chini yake. Akodi moja, yaani mkusanyiko wa noti zinazolia pamoja, inakaa muda mrefu. Halafu ghafla inahamia nyingine, kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya bonde lile lile. Sauti inapanda polepole, ala zinaongezeka. Mwanafunzi wa utunzi akiandika hivyo anaweza kuambiwa ameishiwa la kusema. Lakini fikiria majani ya mti mmoja: yote yana umbo moja, na bado mtu huweza kukaa chini yake asubuhi nzima bila kuchoka. Wakati wa mjini hukimbia. Wakati wa mashambani hukaa. Beethoven hakutafuta sauti ya majani. Alitafuta namna wakati unavyopita kwa mtu aliyekaa kivulini, na njia aliyoipata ni marudio. Kila ninapofika pale naona hilo ni moja ya mambo ya kijasiri zaidi katika muziki wote wa okestra, ingawa halipigi kelele wala halijionyeshi.

Sehemu ya pili iko kijitoni. Selo mbili, ala za nyuzi zenye sauti nzito, zikiwa zimepunguzwa sauti, zikisaidiwa na ala nyingine za nyuzi, zinafanya mtiririko mwororo usiokatika, na juu yake fidla zinasema maneno mafupimafupi kama mtu anayewaza bila haraka. Miaka michache kabla ya hapo, katika daftari lake la mawazo, Beethoven alikuwa amejaribu kuandika sauti ya kijito na kujiwekea kumbukumbu kwamba kijito kikiwa kikubwa zaidi, sauti nayo huwa nzito zaidi. Alikuwa mtu wa kutembea sana nje ya mji, na alikuwa anapoteza uwezo wa kusikia. Daftari linatuonyesha mtu aliyesikiliza kwa makini ya mtu anayejua kwamba hazina inamtoka mikononi.

Kisha, karibu na mwisho wa sehemu hiyo, mtiririko unasimama. Filimbi inaimba kama ndege mwimbaji wa usiku wa Ulaya, obo inajibu kama kware, klarineti mbili zinaita kama kekeo. Majina ya ndege hao yameandikwa kwenye noti zenyewe, kwa hiyo hakuna ubishi kuhusu wao ni nani. Wapo waliowaona ndege hawa kuwa utoto usiostahili simfoni. Mimi siwezi kukubali. Mtu aliyezama katika mawazo kando ya maji hushtuka hivyo hasa: ghafla anagundua kwamba muda wote kulikuwa na ndege. Kuiga huku kunadumu sekunde chache tu, na nguvu yake inatokana na ufupi huo.

Wimbi lililofika kabla ya pango

Kuiga sauti ndiyo njia rahisi kuitambua, lakini ina mipaka. Ndege ana sauti, radi ina sauti. Mlima hauna, mwanga wa mbalamwezi hauna. Hapo watunzi hutumia njia ya pili, ambayo naiona kuwa kubwa zaidi: kuiga mwendo. Muziki ni kitu kinachotembea katika wakati. Hupanda, hushuka, huvimba, hunywea, huenda mbio na kusita. Wimbi nalo hufanya hivyo hivyo. Si lazima fidla isikike kama maji. Inatosha isogee kama maji.

Mfano bora ni utangulizi wa okestra wa Felix Mendelssohn unaoitwa Hebrides, au Pango la Fingal. Mwaka 1829, akiwa na umri wa miaka 20, Mendelssohn alizuru Scotland. Tarehe 7 Agosti aliwaandikia jamaa zake barua na ndani yake akaandika noti za mwanzo wa kazi hii, ili wajue jinsi visiwa vya Hebrides vilivyomgusa. Kesho yake ndipo alipopanda meli ya mvuke kwenda kisiwa kidogo cha Staffa, kulipo na lile pango lenye nguzo za mwamba zilizofanyika wakati lava ilipopoa na kupasuka. Bahari ilimchafua tumbo vibaya safarini. Tazama mpangilio wa tarehe: muziki ambao ulimwengu unauita wa pango uliandikwa kabla mtunzi hajaliona pango. Na tazama chombo: meli ya mvuke, mtoto wa viwanda, ikimpeleka msafiri kwenye upweke wa kale. Ndani ya safari hiyo moja umo Uromantiki wote.

Lahani yenyewe ni noti chache zinazoshuka, zinazoanzishwa na fagoti, viola na selo, sauti za chini zenye rangi ya jioni. Inapigwa, inarudiwa palepale, halafu inainuka ngazi moja na kurudiwa, na tena. Juu yake fidla zimeshika noti ndefu isiyotikisika, kama mstari wa upeo wa macho. Sauti inavimba kidogo na kunywea ndani ya kila mzunguko. Hakuna mahali katika mwanzo huo panaposikika kama maji yanayomwagika, na bado sijakutana na mtu aliyeusikiliza asiwaze bahari.

Mendelssohn mwenyewe hakuridhika upesi. Aliendelea kuirekebisha kazi hiyo kwa miaka, akilalamika kwamba sehemu ya katikati inanuka ufundi wa darasani kuliko mafuta ya nyangumi, shakwe na samaki wa chumvi. Ilichezwa London mwezi Mei 1832. Malalamiko yake yana maana kubwa: kijana aliyekuwa na ufundi wote wa kuunganisha lahani aliogopa kwamba ufundi huo utaziba harufu ya bahari.

Msitu unaoishi ndani ya shaba

Njia ya tatu ni ya alama. Kuna sauti ambazo hazifanani na kitu chochote cha porini, lakini wasikilizaji wa Ulaya walikwisha kufundishwa kuzihusisha na pori. Kubwa kuliko zote ni baragumu, lile bomba la shaba lililosokotwa mduara na kufunguka kama ua. Kwa karne nyingi wawindaji walilipuliza msituni kuitana. Mpaka vali zilipobuniwa katika miaka ya 1810, liliweza kutoa hasa zile noti chache ambazo bomba lenyewe huzitoa kwa maumbile yake, zilizoachana kwa nafasi pana. Nafasi hizo pana zikawa saini ya msitu. Mtunzi wa Ujerumani alipotaka msitu, hakuhitaji kuiga majani; aliwapa mabaragumu noti mbili tatu zenye nafasi hiyo, na kila aliyekuwa ukumbini alinusa miti.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapojilaumu bure. Alama hujifunzwa. Mtu asiyekulia kwenye utamaduni wa mawindo ya baragumu hana sababu ya kusikia msitu humo, kama vile asiyejua lugha hana sababu ya kucheka utani wake. Akishaambiwa mara moja, anasikia. Jean Sibelius aliandika kwenye shajara yake tarehe 21 Aprili 1915 kwamba ameona batamaji 16 na kwamba lilikuwa tukio kubwa katika maisha yake. Katika sehemu ya mwisho ya Simfoni yake ya Tano, mabaragumu yanabembea kati ya noti zinazopishana polepole, pana, kama mbawa nzito. Asiyejua habari za shajara husikia ukuu tu. Anayejua huwaona ndege. Wote wawili wamesikia sawasawa. Wa pili kapewa jina la kitu ambacho wa kwanza alikwisha kukihisi.

Jina laweza pia kupotosha. Kipande cha Edvard Grieg cha asubuhi, kilichotungwa kwa ajili ya tamthilia ya Peer Gynt iliyochezwa kwa muziki huo mara ya kwanza mwaka 1876, kimetumika mara nyingi kuonyesha maji na milima ya Norwei. Filimbi na obo zinapokezana lahani nyepesi, nyuzi zinaipokea, mwanga unafunguka. Lakini katika tamthilia, kitendo cha nne, shujaa wetu yuko Moroko. Jua lile ni la pwani ya kaskazini mwa Afrika. Noti ni zile zile. Mandhari yameshonwa juu yake na wasikilizaji kwa sababu walijua mtunzi ni Mnorwei. Sidhani kama kuna ushahidi mzuri kuliko huu kwamba okestra haichori mahali. Inatoa mwendo wa mwanga kukua, na sisi ndio tunaoamua mwanga huo unaangukia nini.

Mto uliobeba taifa

Bedřich Smetana alizaliwa Bohemia, nchi ya Wacheki iliyokuwa chini ya himaya ya Austria. Mwaka 1874 alipoteza kabisa uwezo wa kusikia. Mwishoni mwa mwaka huohuo, katika wiki chache za Novemba na Desemba, aliandika Vltava, shairi la okestra kuhusu mto unaopita Prague, mojawapo ya sita alizozikusanya chini ya jina la Nchi Yangu.

Kazi inaanza na filimbi moja peke yake, noti zinazochuruzika bila kupumua. Muda si mrefu filimbi ya pili inaungana nayo, kisha zinafuata klarineti. Filimbi na klarineti ndizo chemchemi mbili za mto. Nyuzi zinadonolewa, kinubi kinadondosha noti mojamoja. Vijito vinaungana, na ndipo lahani kubwa inapotokea kwenye fidla, ikipanda na kushuka juu ya mtiririko usiokoma. Kuanzia hapo mto unasafiri: unapita msitu wenye wawindaji, na bila shaka ni mabaragumu yanayotangaza msitu huo, unapita harusi ya wanakijiji wanaocheza polka, unapita usiku wa mbalamwezi ambamo nyuzi zinapiga kwa sauti ya juu, laini, karibu kuyeyuka, unaparamia maporomoko, unafika Prague chini ya ngome ya kale ya Vyšehrad, na kutoweka mbali.

Zote tatu, kuiga, mwendo na alama, zimo humo. Lakini kinachoifanya kazi hii ipendwe na Wacheki kama kitu cha nyumbani ni jambo la nne: kwamba mto ule ulikuwa jibu la kisiasa. Watu waliotawaliwa kwa lugha ya wengine waliambiwa kwa sauti ya okestra nzima kwamba wanao mto wao, historia yao, harusi zao. Lahani iliyoanza kwa huzuni ya maina, mpangilio wa noti wenye giza, inageuka mwishoni kuwa meja, mpangilio wenye mwanga. Mto hauna furaha wala huzuni. Taifa linavyo vyote viwili. Ukilijua hilo, badiliko lile la mwisho haliwezi tena kuwa pambo tu.

Ugomvi wa pande mbili

Haya yote yalizua mabishano makali katika karne ya 19. Upande mmoja walikuwa kina Franz Liszt, aliyelianzisha jina la "shairi la simfoni" na kuamini kwamba muziki waweza kubeba kisa au wazo kutoka nje yake. Upande wa pili walikuwa kina Eduard Hanslick, mhakiki wa Vienna, ambaye kitabu chake cha mwaka 1854 kilishikilia kwamba uzuri wa muziki umo ndani ya maumbo ya sauti yenyewe, si katika hisia au picha tunazozibandika. Kila upande ulikuwa na hoja. Hanslick yuko sahihi kwamba noti hazina uwezo wa kusema "mto". Liszt yuko sahihi kwamba jina likishawekwa juu ya kazi, masikio hayabaki yalivyokuwa.

Kuiga kulifika mbali zaidi katika Simfoni ya Alps ya Richard Strauss, iliyochezwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1915. Ni siku moja ya kupanda mlima, kutoka usiku hadi usiku, katika vipande 22 vilivyounganishwa bila kusimama, kwa okestra ya zaidi ya watu mia moja. Mna kengele za ng'ombe, mashine ya upepo, bati linalotikiswa kutoa ngurumo. Inasisimua, sikatai. Lakini kinachonikaa moyoni si mashine ya upepo. Ni mwanzo wake: ngazi ya noti inashuka polepole, na kila noti ikishapigwa haiachwi, inashikiliwa, mpaka noti zote za ngazi hiyo zinalia kwa pamoja kwa sauti ya chini. Giza halina sauti, na lile ni giza.

Naye Hector Berlioz, katika Symphonie fantastique ya mwaka 1830, alifanya jambo ambalo kwangu linapita mashine zote. Sehemu ya tatu iko mashambani. Obo ya sauti nzito, jukwaani, inaita kama mchungaji. Obo nyingine, iliyofichwa nje ya jukwaa, inamjibu kutoka mbali. Mwishoni mchungaji wa kwanza anaita tena. Hakuna jibu. Badala yake wapigaji wanne wa timpani, zile ngoma kubwa za okestra, wanatoa ngurumo ya mbali, hafifu, isiyofika. Maumbile hapo yanampa mtu kioo cha upweke wake, na kilichotumika ni kutokuwepo kwa sauti moja iliyotarajiwa.

Kurudi ukumbini

Ratiba ya kawaida huanza na kazi fupi, kisha koncheto ya mpigaji mmoja na okestra, kisha mapumziko, kisha simfoni. Jambo linalowatia watu hofu ni lini wapige makofi. Desturi ya leo ni kungoja simfoni nzima iishe, hata kama kuna kimya kati ya sehemu. Desturi hiyo si ya kale kama inavyodhaniwa. Wakati wa Beethoven watu walishangilia kati ya sehemu bila aibu. Ukiwa na shaka, mtazame kiongozi wa okestra: mikono yake ikibaki juu, muziki bado haujaisha, hata kama hakuna anayepiga.

Ikiwa simfoni ya usiku huo ni ile ya Sita, mtazame pia mpiga timpani. Kwa karibu nusu saa atakaa mikono magotini. Sehemu ya kwanza inapita, kijito kinapita, wanakijiji wanaanza kucheza, naye hajagusa kitu. Halafu ngoma ya wanakijiji inakatika kabla haijafikia tamati yake, maana sehemu tatu za mwisho zimeungana bila pumziko. Chini kabisa, selo na besi kubwa zinatetemeka kwa sauti ndogo. Fidla za pili zinadondosha noti fupifupi: matone ya kwanza. Kisha okestra nzima inaangusha akodi moja katika maina, na timpani zinalia kwa mara ya kwanza katika simfoni hiyo. Beethoven angejaza simfoni yote kwa timpani kama wengine, dhoruba hii ingekuwa kelele tu. Nusu saa ya kunyamaza ndiyo iliyoitia radi.

Sikiliza chini hasa. Selo zinapiga noti tano katika muda ambao besi kubwa zinapiga nne. Hazipatani, na haziwezi kupatana. Noti zinakwaruzana, hazitambuliki mojamoja, zinabaki mngurumo mmoja mzito. Beethoven alipata ngurumo kwa hesabu. Juu kabisa, filimbi ndogo inachoma kwa ukali, ala ambayo ameiita kwa ajili ya sehemu hii peke yake. Tromboni zilizokuwa kimya nazo zinaingia. Ndani ya dakika nne hivi yote yanasogea mbali. Obo inatandaza mstari wa utulivu, filimbi inapanda ngazi moja nyepesi, na klarineti inaanza wito wa mchungaji. Baragumu linaupokea wito huo. Fidla zinaugeuza kuwa wimbo wa shukrani.

Wimbo huo unakua, unarudi mara kadhaa ukiwa umevikwa mapambo zaidi, unafikia kilele, kisha unapungua mpaka ukumbi mzima unasikiliza kwa pumzi iliyozuiwa. Karibu na mwisho baragumu moja, lililozibwa ili sauti yake itoke mbali, linaurudia ule wito wa mchungaji mara ya mwisho. Mchungaji yuko bondeni sasa, anaondoka na kundi lake. Zinafuata akodi mbili za okestra yote, na kiongozi anashusha mikono.